Sura ya Nne: Nunua Mfupa Kwanza

Mzee alitoa mfukoni uzi wa kushonea viatu. Akaipindua baiskeli, akafungua gurudumu la nyuma na kuliegemeza kwenye mti. Akafunga ncha moja ya uzi pale ekseli inapokaa, upande wa kulia, akauvuta mpaka mbele, akauzungusha kwenye bomba linaloshika foki, akaurudisha kwa upande wa kushoto na kuufunga mahali palepale. Uzi ukakaza kama wa zeze.

"Binti, shika rula," akaniambia. "Pima kutoka kwenye uzi mpaka kwenye bomba la kiti. Upande huu kwanza, halafu huu."

Kulia nikapata milimita 30. Kushoto nikapata 30.

"Haijagongwa hii. Sasa nenda kaongee bei."

Nilimtazama kwa mashaka. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya bluu iliyopauka, siti imechanika, matairi yamepasukapasuka kwa kukaa juani, cheni imekuwa nyekundu kwa kutu. Jirani yake zilisimama nyingine zilizosuguliwa zikang'aa, zenye shokapu mbele na nyuma, na hizo ndizo zilizokuwa zimenivuta mpaka pale sokoni. Mzee alisoma uso wangu. "Fremu ndiyo mfupa," akasema. "Hivyo vingine vyote ni nguo. Nguo zikichakaa tunabadilisha."

Sura hii yote imo ndani ya maneno hayo. Ukitaka baiskeli ya bei unayoimudu, itakayokupeleka kazini Jumatatu na kukupandisha vilimani Jumamosi, tafuta fremu nzuri ya chuma iliyonyooka. Vingine vitakuja.

Njia yako ndiyo iamue

Naishi upande wa Ngaramtoni na kazi yangu iko Arusha mjini, kama kilomita 12 za lami, malori na mabasi. Mwisho wa wiki napenda njia za chini ya Mlima Meru, zile zinazopita kati ya mashamba ya kahawa na migomba: kiangazi vumbi jeusi la volkano linafika kwenye kifundo cha mguu, masika linageuka tope linaloshika tairi kama ugali. Kwa hiyo nilihitaji chombo cha kazi mbili, na nilikuwa na fedha za chombo kimoja.

Wengi hudhani haiwezekani. Wanaona baiskeli ya mbio yenye tairi jembamba upande mmoja, baiskeli ya milimani yenye shokapu nene upande wa pili, na katikati hamna kitu. Lakini baiskeli ya milimani ilipozaliwa haikuwa na shokapu hata moja. Mwezi Oktoba 1976, vijana wa Fairfax, California, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi karibu na Mlima Tamalpais wakiwa na baiskeli kuukuu za chuma, nyingine za miaka ya 1930. Breki zao zilikuwa za kurudisha pedali nyuma, zile zinazokaa ndani ya habu. Wakifika chini, grisi yote imeungua na kutoka moshi, nao wanalazimika kufungua habu na kupaka grisi upya. Kazi hiyo ya kujaza grisi ndiyo iliyoipa njia ile jina lake, Repack. Fundi yeyote wa kwetu aliyewahi kuosha gololi kwa mafuta ya taa angewaelewa vijana hao bila mkalimani.

Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alijenga fremu mpya mahususi kwa kazi hiyo, kwa bomba za chuma. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi, na dunia ikaifuata. Kwa zaidi ya miaka 10 baada ya hapo, baiskeli nyingi za milimani ziliendelea kuwa za chuma, foki ngumu, gia nyingi, tairi pana. Nyingi zilikuwa na vitundu vya skrubu karibu na ekseli kwa ajili ya keria na madigadi, kwa sababu watengenezaji walijua mnunuzi ataipanda mlimani siku moja na kuipeleka kazini siku tano.

Baiskeli hizo leo ni mitumba. Zinashuka bandarini ndani ya makontena, zinapanda mpaka masoko ya mikoani, zinaning'inizwa au kulazwa kwenye rundo, na wauzaji wengi huzipanga kwa mng'ao wa rangi. Hapo ndipo mnunuzi mwenye macho anapopata bahati yake.

Kwa nini chuma

Baiskeli yangu ya kwanza ya ukubwani niliinunua mpya dukani. Ilikuwa ya aluminiamu, nyepesi, nzuri kwa macho. Mwaka wa pili nikasikia mlio mdogo nikipanda kilima. Nikainama, nikaona ufa kama unywele karibu na mahali ekseli ya nyuma inapokaa. Niliisukuma kwa mchomeleaji wa kwanza, akatikisa kichwa. Wa pili akaniambia kwa upole kwamba mashine yake ya kuchomelea mageti haiwezi kazi hiyo. Walisema kweli. Bomba jembamba la aluminiamu huungwa kwa mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, na fremu nyingi huhitaji kupashwa moto kwa kipimo maalumu baada ya hapo, la sivyo sehemu iliyoungwa inabaki dhaifu. Baiskeli ikawa ya kutundika ukutani.

Siisemi vibaya aluminiamu. Ni nyepesi, haishiki kutu, na fremu yake ikitengenezwa vizuri hudumu miaka mingi. Lakini chuma kina tabia mbili ambazo kwa mtu wa kipato cha kawaida ni kama bima. Kwanza, kipo kiwango cha mtikisiko ambacho, kisipovukwa, chuma hupinda kidogo na kurudi mara zisizohesabika bila kuchoka. Aluminiamu haina kiwango hicho: kila mtikisiko, hata mdogo, huongezeka juu ya uliotangulia. Pili, chuma kikipinda hunyooshwa, na kikipasuka huungwa. Kila mji wenye mchomeleaji una mtu wa kujaribu, na mwenye kujua kuunga kwa shaba atakufanyia kazi nzuri zaidi, kwa kuwa moto wake ni mdogo na hauchomi bomba.

Lakini vyuma havilingani. Fremu za bei ya chini kabisa hutengenezwa kwa chuma cha kawaida, na kwa kuwa nguvu yake ni ndogo, bomba hufanywa nene, na baiskeli inakuwa nzito. Fremu nzuri hutengenezwa kwa kromoli, chuma kilichotiwa kromu kama asilimia 1 na molibdeni kama asilimia 0.2. Viungo hivyo ni vichache kama chumvi kwenye mchuzi, lakini vinabadilisha chungu kizima: bomba linaweza kuwa jembamba na bado likabeba mzigo. Mafundi wa Ulaya walikwenda mbele zaidi tangu zamani. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya bomba lililo nene kwenye ncha, pale linapoungwa, na jembamba katikati, ambako halisumbuliwi sana. Fremu nyingi nzuri za kromoli zimejengwa hivyo: milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati, kwa mfano. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kuusoma mfupa

Sasa uko sokoni. Muuzaji amekukaribisha, amekupa kiti, ameanza kusifu. Wewe fanya kazi yako kwa utulivu, kwa mpangilio huu.

Anza na sumaku ndogo. Ikishika fremu, hiyo ni chuma. Kisha tafuta kibandiko cha bomba, mara nyingi kwenye bomba la kiti: Tange na Ishiwata za Japani, Reynolds ya Uingereza, Columbus ya Italia, True Temper ya Marekani. Kibandiko ni shahidi mzuri, ila kinaweza kubanduka au kubandikwa na mtu.

Shahidi ambaye hawezi kubandikwa amejificha chini ya siti. Chomoa bomba linaloshika siti na usome namba iliyogongwa juu yake. Fremu nyingi za chuma za miaka ile zina bomba la kiti lenye upana wa nje wa milimita 28.6. Ukikuta linaloingia ndani yake limeandikwa 27.2, toa hesabu: tofauti ni 1.4, ukigawa kwa pande mbili unapata ukuta wa milimita 0.7. Huo ni wembamba wa chuma kizuri. Ukikuta 25.4, ukuta ni milimita 1.6, zaidi ya mara mbili. Hicho ni chuma cha kawaida, na miguu yako ndiyo itakayolipa uzito wake kila kilima. Namba 26.8 na 27.0 nazo ni za kufurahisha.

Kama bomba hilo halichomoki kabisa, limeshikana na fremu kwa kutu, punguza sana bei au ondoka. Kulitoa kunaweza kumaliza siku nzima ya fundi na kuharibu fremu yenyewe.

Likitoka, igeuze baiskeli kichwa chini na uigongegonge kwa kiganja. Unga mwekundu kidogo si neno. Yakidondoka magamba ya kutu, fremu inaliwa kwa ndani, na mahali pa kwanza kuliwa ni pale chini krenki zinapozungukia, kwa sababu maji yote hushukia hapo. Kutu ya juu, ile ya kwenye mikwaruzo, isikutie hofu. Msasa na rangi vinaitosha.

Halafu fumba macho. Pitisha vidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, nyuma kidogo ya mahali yanapoungana na bomba la mbele. Baiskeli iliyogonga gari au ukuta huacha alama pale: uvimbe mdogo, kama mkunjo wa shati, au rangi iliyopasuka kwa mstari. Macho yanaweza kuupita uvimbe huo, vidole haviupiti. Ukiuhisi, iache, hata kama inauzwa kwa bei ya soda.

Mwisho kabisa, uzi. Kulia na kushoto zikipishana milimita 1 au 2, fundi ataweka sawa. Zikipishana zaidi ya hapo, uliza kilichoipata.

Namba za ubavuni mwa tairi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Mtu ananunua baiskeli ya "26", anakwenda dukani kuomba tairi ya 26, anarudi nyumbani, tairi haiingii. Sababu ni kwamba inchi kwenye tairi ni jina la mazoea tu. Kipimo cha kweli ni zile namba mbili zenye kistari katikati, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi inapokaa.

Baiskeli za milimani za 26 ni 559. Baiskeli nyingi za mjini za Japani, zile za kapu mbele na bomba la juu lililoinama, nazo huitwa 26 lakini ni 590. Hazibadilishani tairi hata kidogo. Vivyo hivyo kwa 28: Phoenix na ndugu zake wote wa keria pana, wale ambao Kenya huwaita Black Mamba, wengi ni 635, ilhali baiskeli nyingi za barabarani za Ulaya ni 622.

Kabla ya kununua baiskeli yoyote, soma namba ya pili, kisha tembelea maduka mawili ya vipuri unayopita kila siku uone kama tairi yake ipo. Kwangu 559 ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa tairi na tyubu zake nazipata kila ninapopita. Kwa njia za mchanganyiko chagua tairi la upana wa milimita 45 hadi 50, laini katikati na lenye meno pembeni. Kwenye lami lijaze upepo wa kutosha, litabingirika bila kelele. Jumamosi punguza kidogo, meno ya pembeni yatashika vumbi.

Ikutoshe mwilini

Fremu nzuri isiyokutosha ni kama kiatu kizuri cha mtu mwingine. Simama katikati ya baiskeli, miguu chini, mbele ya siti: kati yako na bomba la juu pabaki nafasi ya vidole vitatu au vinne, kwa sababu porini utashuka ghafla. Kisha kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukipanda kwa kawaida, ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litapinda kidogo tu, na hapo ndipo nguvu ilipo. Watu wengi hupanda na siti chini mno, magoti yanawauma, wanailaumu baiskeli.

Ukitaka kukaa wima zaidi njiani kwenda kazini, badilisha usukani au shingo yake. Hizo ni nguo. Urefu wa bomba la juu haubadilishwi. Huo ni mfupa.

Nguo na bei zake

Sasa hesabu vinavyohitaji kubadilishwa, kwa sababu hivyo ndivyo silaha yako ya kuombea punguzo.

Cheni ipime kwa rula. Pini hadi pini ni nusu inchi, hivyo nafasi 24 zapaswa kuwa inchi 12, yaani milimita 305. Ikifika karibu 306.5, badilisha cheni peke yake. Ikifika 308, meno ya gia za nyuma nayo yamekwisha, na cheni mpya itaruka juu yake.

Rimu zipitishie kidole ubavuni, pale raba za breki zinaposugua. Zikiwa zimebonyea kama kijiko, zimeliwa. Zungusha gurudumu uone kama linayumba. Kuyumba kidogo ni kazi ya spana ya spoku.

Breki za zamani zenye waya mmoja unaogawanyika mara mbili zinafaa, na ukitaka nguvu zaidi, breki za mikono mirefu zilizokuja katikati ya miaka ya 1990 hukaa kwenye vishikizo vilevile vya fremu. Kumbuka kubadilisha na mikono ya breki iliyo kwenye usukani, kwa sababu breki hizo huvuta waya mrefu zaidi.

Shokapu za mbele za mitumba nyingi zimekufa: mpira wa ndani umegeuka jiwe au unga, na vipuri vyake havipatikani. Unabeba uzito bure. Foki ngumu ya chuma, yenye mpindo mbele, hunesa kiasi chake, na tairi pana hufanya iliyobaki.

Gawa fedha zako mafungu matatu. Mawili yaende kwenye baiskeli, moja libaki mfukoni kwa ajili ya matairi, nyaya, raba za breki, cheni na grisi. Ukimaliza zote kwa muuzaji, utapanda breki mbovu kwa miezi, na hilo si jambo la kubahatisha kwenye barabara ya malori. Keria na madigadi zisingoje pia: mvua ya kwanza ya masika itakufikisha ofisini na mstari wa tope mgongoni, na begi mgongoni kwa kilomita 12 ni adhabu.

Na Phoenix je? Naiheshimu kwa dhati. Nayo ni chuma, imebeba mkaa, maziwa, ndizi na wagonjwa wa nchi hizi, na kwenye tambarare haina mpinzani wa mizigo. Lakini ina gia moja na ni nzito, na njia za Meru zinapanda. Kama kwenu ni tambarare na una gunia la kubeba, ichukue hiyo na usome sura inayofuata.

Uzi tena

Miaka ilipita. Baiskeli ya bluu ikapata siti mpya, matairi, cheni zaidi ya mara moja. Kisha habu ya nyuma ikaisha, gololi zikachimba njia yake mpaka ikawa ya kutupa. Nikazunguka soko zima la Kilombero nikipata habu za milimita 135 tu, kipimo kilichozoeleka baadaye. Fremu yangu, ya kabla ya hapo, ilikuwa na nafasi ya 130.

Nikampelekea mzee. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeleta mfupa wangu?"

Nikamweleza. Hakushangaa. Aliulaza mwili wa baiskeli, akaingiza ubao mrefu kati ya bomba za nyuma, akasukuma upande mmoja polepole, akapima, akasukuma tena, akapima. Upande wa pili vilevile. Milimita 2 na nusu kila upande. Fremu ya aluminiamu asingethubutu kuifanyia hivyo, ingepasuka mikononi mwake. Chuma kilitoa mlio mdogo, kikatii. Akanyoosha na masikio ya ekseli kwa spana kubwa ili yatazamane sawasawa.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi, akafunga ncha kulia, akauzungusha mbele, akaurudisha kushoto. Safari hii hakuniambia nishike rula, nilikuwa nimeshaishika.

Kulia, 31. Kushoto, 31.